Kilo Zako Hazikuwa na Kosa

Mwanangu Raya,

Assalamu alaykum. Barua za zamani zilianza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua, nimekuona nusu saa iliyopita ukitoka mlangoni na buibui jipya kwenda kuaga jamaa. Hali yako ni ya mtu anayekwenda kulishwa nyumba saba. Kwa bibi yako mzaa baba utapewa shelisheli la nazi. Kwa ami zako utapewa chai na visheti. Na kwa Bi Chumu hapo jirani, aliyekuona leo asubuhi na atakayekuona tena kesho, utapewa kila kilichomo jikoni mwake na kisichokuwemo atakwenda kukiazima. Utarudi karibu na magharibi umeshika tumbo, na mimi nitakuwa nimekwisha kuandika, inshaallah.

Sikuandikii mambo ya kufunga mlango wala kuchunga simu. Hayo nimeshayasema mpaka baba yako kahamia barazani na redio yake. Naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni mwaka wa pili huu, na wewe wajua kooni kwangu hakukai kitu. Kila nikitaka kulisema nageuza maneno, nakuuliza kama umeanua nguo. Kesho asubuhi boti inaondoka Mkoani, wewe unakwenda chuoni Dodoma, na bandarini najijua, nitalia tu, halitanitoka neno la maana.

Leo asubuhi nilipokuwa nakukunjia kanga za kutia kwenye begi nimekuta pakiti nne za majani ya chai. Chai ya kupunguza mwili. Zina picha ya mwanamke mwenye kiuno ambacho hata wewe ulipokuwa na miaka sita hukuwa nacho. Usikasirike, sikuwa napekua, nilikuwa nakunja. Sikuzitoa. Nimezirudisha palepale, nikakaa kitandani kwako nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo. Chai umeinunua wewe, lakini hamu ya kuinunua nimekutia mimi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wakumbuka ilivyoanza? Ilianza harusini, binti wa Bi Chumu alipoolewa. Mimi na wewe tumeshona nguo sare, tumejipamba, tunaingia ukumbini, na yule mgeni kutoka Unguja akasema kwa sauti, "Mashaallah, mama na mwana wameingia, sisi tukae wapi?" Watu wakacheka. Ukacheka na wewe. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamwambia, "Kaa kwenye mapaja yetu, nafasi ipo!" Lakini neno lile nilikwenda nalo nyumbani. Nikilala namuona mama yangu, Mungu amrehemu, presha ilivyomchukua hata hajawahi kukuona unatembea. Basi ilikuwa khofu ya kweli. Lakini leo sikudanganyi, Raya. Maneno ya watu nayo yalikuwemo, tena yalikaa mbele.

Nikatuandikisha kwenye mazoezi ya Mwalimu Shadya, yule anayesomesha skuli na kuongoza kikundi cha wanawake kila baada ya sala ya alfajiri. Siku ya kwanza nilivaa raba za baba yako na soksi pea mbili, raba zisinivuke miguuni. Tulitoka uwanja wa mpira, filimbi inalia, wanawake arubaini na buibui zimekunjwa, na mimi nilipofika kwenye daraja dogo la kwanza roho ikataka kunitoka. Nikasimama nikajifanya namtazama ng'ombe wa watu kama amefungwa vizuri. Wewe ulirudi nyuma kunifuata. Ukaniambia, "Mama, ng'ombe yuko salama, twende." Tangu siku ile ulikuwa mbele, mimi nyuma. Kila siku. Hilo nililiona kwa macho yangu, na bado nikaja kutokukuamini.

Nyumbani nikaweka sheria. Chai kavu bila sukari. Wali wa nazi Ijumaa tu. Sahani nusu. Na kila Jumamosi mizani. Wallahi hilo la mizani nikilikumbuka sasa hivi natamani kujificha chini ya meza. Nilikupandisha kwenye mizani ya karafuu, ghalani, pale pale yanapowekwa mapolo, magunia ya karafuu, na baba yako akasoma kilo kwa sauti ileile anayosomea karafuu, maana hajui kusoma mizani kwa sauti nyingine. Na ulikuwa msimu. Wachumaji wako uani wanaanika kwenye majamvi, wanasikia. Mtoto wa kike wa miaka kumi na minane! Ulishuka umeinamisha uso, nami nikakwambia usione haya, ni afya hii.

Wiki ya tatu mimi nikaanza kushuka. Wiki ya sita nikashuka tena. Wiki ya kumi watu wakanisimamisha njiani, "Riziki, umekuwa msichana!" Nguo zangu zikanivuka, nikampelekea fundi, na kila aliyeniuliza siri nikamsomea darsa nzima: mazoezi, subira, kufunga mdomo. Wewe mshale wako umesimama palepale. Kwanza nikaisingizia mizani. Nikamwambia baba yako aweke mfuko wa saruji tuone, akauweka, mizani ikasoma sawasawa. Basi nikakutazama wewe. Tunakimbia njia moja, tunakula chungu kimoja, mimi napungua na yeye hapungui. Nikasema, huyu anakula kwa siri.

"Mbona mimi nimepungua?" Nilikwambia neno hilo mara ngapi? Ukirudi skuli, mbona mimi nimepungua. Ukisema magoti yanauma, mbona mimi nimepungua. Hata ulipofaulu mtihani wa kemia nilikupongeza kisha nikaongeza hilohilo. Ulikuwa unachukua ndoo tu, unakwenda zako bombani.

Sasa nafika siku ya mkate.

Nilikuwa nimeoka mikate sita ya kumimina, mitano ya maulidi na mmoja wa nyumbani. Huu wa nyumbani niliukata vipande vinane nikaufunika. Alasiri tukakaa barazani tunachambua karafuu, mimi, wewe, Bi Chumu na wake wa ami zako wawili. Mazungumzo yamenoga. Nikainuka kwenda kuwaletea wageni mkate, nikafunua, vimebaki vipande vitatu.

Nilirudi na sahani mkononi nikakuuliza mbele yao wote. Ukasema hujaugusa. Nikakwambia usinifanye mjinga. Ukasema tena, "Mama, sijaugusa." Hapo shetani akanipanda. Nikakwambia nenda katawadhe. Nikaingia ndani nikauteremsha msahafu juu ya kabati.

Bi Chumu akasema, "Riziki, muache mtoto, jamani. Mkate wenyewe hata mimi ningeula." Wake wa ami zako wameinamia karafuu, wanachambua hata zilizokwisha kuchambuliwa. Ukarudi uso na mikono vimelowa maji. Ukaniuliza polepole, "Mama, unaniapisha kwa mkate?" Nikasema nakuapisha kwa ukweli. Ukaweka mkono, ukasema, "Wallahi sijala mkate huu, na tangu tuanze mazoezi sijala kitu chochote kwa kujificha." Kisha ukanitazama machoni, ukauliza, "Na wewe je, mama?"

Nikakwambia usinihesabie. Na kuhusu kiapo chako nikasema, "Haya, Mungu anakuona." Mtoto kashika msahafu, kaapa, na hayo ndiyo majibu niliyompa. Sikukuamini, Raya. Uliapa nami sikukuamini, tena nilihakikisha kila aliyekuwepo anajua kwamba sikukuamini.

Baada ya hapo ukawa unakula vijiko vinne unasema umeshiba. Ukaongeza kukimbia na jioni. Mshale ukashuka kidogo, wiki mbili, nikasema unaona! Kisha ukasimama tena kama uliopigiliwa msumari. Mpaka asubuhi ile ulipokaa chini katikati ya barabara, ukasema dunia inazunguka. Mwalimu Shadya akapiga filimbi wote wasimame, Bi Chumu akakumwagia maji mpaka kwenye raba, na baba yako akaja na gari ya kuazima, kavaa shati nje ndani.

Yule daktari alikuwa mdogo. Nilipomuona nilisema moyoni, huyu si mtoto wa kutumwa dukani? Lakini alikuwa na subira ya ajabu. Alikupima presha, akakutoa damu, akakuuliza unalala saa ngapi. Ukasema unasoma mpaka saa sita, na saa kumi na moja mama anakuamsha kukimbia. Akaandika. Akauliza, "Jana umekula nini?"

"Asubuhi chai kavu na kipande cha muhogo. Mchana wali vijiko vinne na samaki. Usiku sikula."

Mimi nikatikisa kichwa, nikimaanisha atakwambia hayo hayo, daktari, hatakwambia mengine. Ukaendelea mwenyewe.

"Ila nilipopeleka sahani kwa Bi Chumu nilipewa bajia mbili. Kwa bibi nikapewa juisi ya bungo, ya sukari. Kwa ami nikala kisheti kimoja, walikuwa wanakula."

"Kwa nini hukukataa?"

Ukanitazama kwanza. "Mama hataki tukatae chakula cha watu. Anasema wataona tunawadharau."

Daktari akacheka, nami nikatamani sakafu ipasuke. Ni mimi niliyekufunza. Huku kwetu sahani ya jirani haiendi tupu wala hairudi tupu, na mwenye kuipeleka hatoki mlangoni bila kutiwa kitu mdomoni. Mimi ndiye niliyekuwa nakutuma nyumba tatu kila alasiri, nikakufunza kwamba adabu ni kula japo kidogo. Kisha Jumamosi nakupandisha kwenye mizani nikitaka mshale ushuke. Amri zangu mbili zilikuwa zinapigana ndani ya tumbo lako, nawe ulikuwa unazitii zote mbili.

Lakini daktari akasema hata bajia zile si jambo kubwa, tusizibebeshe dhambi yote. Alitueleza taratibu, na nilimuelewa kwa sababu alizungumza kama watu. Akasema kukimbia kunachoma mafuta kidogo kuliko mtu anavyodhani, tena kunatia njaa, na mtu akisharudi amechoka siku nzima iliyobaki anakaa. Akasema ukijinyima sana mwili unafanya kama nyumba iliyokatikiwa maji, kila mtu anakoga kopo moja, basi na mwili nao unajibana, unatumia kidogo, hautaki kuachia ulichonacho. Asiyelala mwili wake unashikilia vilevile. Wako wenye tezi ya shingoni imelegea, wako wanaotumia dawa fulani, na wako waliozaliwa na mwili wa kwao tu, wa mama na wa bibi. Nyama ya miguuni ikikaza nayo ina uzito wake, na mizani haijui kutenganisha. Akakubonyeza paja akasema, "Hii ni miguu ya mkimbiaji." Ulitabasamu. Zilikuwa wiki nyingi sijayaona meno yako.

Mimi wakati huo nimekwisha kunywa chupa nzima ya maji na nimetoka kwenda chooni mara mbili. Akanigeukia. "Na wewe mama, hujambo?"

"Mimi mzima kabisa!" Nikainuka, nikageuka ili anione vizuri. "Nimepungua kilo kumi na moja kwa miezi minne. Mazoezi hayohayo anayofanya yeye."

Hakusema mashaallah. Akauliza, "Unakunywa maji sana?"

"Ni mazoezi."

"Na njaa je? Unasikia njaa sana?"

Wewe ndiye uliyenijibia. Ukasema, "Anasikia." Neno moja tu. Ungeweza kusema habari yote ya mkate pale pale, mbele ya daktari na baba yako, na ungekuwa na haki. Hukusema. Ukatazama mikono yako.

Mkate niliula mimi, Raya. Ulijua, na mimi nilijua, lakini sikuwahi kuyatamka, basi nayaandika. Vipande viwili nilivila vya moto kuona kama umeiva. Kimoja kilivunjika nikaona si cha kumpa mgeni. Viwili vya mwisho hata sikumbuki nilivila vipi, nilikuwa nimesimama. Siku zile njaa haikuwa inaniacha, nilikuwa nakula kila nilipopita jikoni, na vyote kwangu vilikuwa ni kuonja. Mpishi anaonja, nilijiambia. Vyako nilivihesabu kwa punje, vyangu havikuwa na hesabu. Nilipokuuliza barazani nilikuwa nimejidanganya vizuri kiasi kwamba nilikasirika kwa dhati.

Daktari akanitoboa kidole. Kimashine kikaandika namba, akaitazama, akanitoboa kingine. Sukari. Tena si ya kuchezea. Akaniambia mwili wangu ulikuwa unajila wenyewe, chakula kinapita tu na maji. Zile sifa zote za njiani, "Riziki umekuwa msichana," nilikuwa nasifiwa ugonjwa. Na majibu yako yalipotoka yote, ikawa presha yako nzuri, sukari yako nzuri, tezi yako nzuri, damu tu imepungua kidogo kwa kukosa kula. Tuliingia mgonjwa mmoja na mzima mmoja, tukatoka vilevile, ila tumebadilishana.

Tulirudi nyumbani. Baba yako akaenda ghalani moja kwa moja. Akatwaa polo tupu akaifunika mizani, akaniambia, "Hii ya karafuu." Hakuongeza neno mpaka kesho yake. Mtu mwenye maneno machache kama yule, kuolewa naye ni kuishi na hakimu.

Tangu hapo unayajua. Wewe ndiye uliyenipangia vidonge kwenye kikopo, ukanibandikia karatasi ukutani, ukanipimia wali kwa kikombe. Siku moja nikanyoosha mkono kwenye chungu ukasema, "Kuonja kunahesabiwa, mama," nikaurudisha. Tulicheka mpaka Bi Chumu akaja kuuliza kuna nini. Nilirudisha kilo sita, na daktari akafurahi, ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kanipongeza kwa kunenepa. Na wewe ukaendelea kukimbia. Hukukimbilia mshale, ulikuwa umeshauacha. Ulikimbia kwa sababu unapenda. Siku ya mashindano ya vikundi uliwapita wale wembamba wote wa Konde, mmoja mmoja, na mimi uwanjani nilipiga kelele mpaka ushungi ukaanguka. Mwalimu Shadya akaniambia, "Bi Riziki, umri na sukari!" Nikamwambia niache, yule ni wangu.

Una kilo ngapi leo? Sijui. Sijauliza tangu siku ile. Wallahi hilo ndilo zoezi gumu kuliko yote niliyofanya, kuliko hata kukimbia na raba za baba yako.

Lakini sikukuomba msamaha. Nilikupikia pweza wa nazi. Nilikununulia raba mpya, za saizi yako, si za mtu. Nilikusifu kwa kila mtu mpaka ukaniomba niache. Nilizunguka pande zote za neno lenyewe nisilitamke, maana mimi ni mama, na nilikuwa nimefunzwa kwamba mama akikosea mambo huisha yenyewe. Nilidhani yameisha. Leo asubuhi nikafungua begi nikakuta pakiti nne, nikajua hayajaisha.

Sasa hiyo chai. Nitakuchekesha. Mwaka jana nilitaka kuinunua mimi. Naam, mimi, na sukari yangu! Nilimuuliza daktari kwa kuzungusha, nikasema kuna mwanamke fulani namjua. Akaniambia, "Mwambie huyo mwanamke fulani nyingi zinamwendesha chooni tu, anachopungukiwa ni maji, na nyingine haijulikani zimetiwa nini." Sikununua. Begi ni lako na wewe ni mtu mzima, kwa hivyo sitazitupa mimi. Ukiamua kuzitupa, zitupe wewe, hata huko Dodoma. Ukiamua kunywa, nenda kwanza kwa daktari na pakiti mkononi umuulize. Nakuomba hivyo, sikuamrishi. Amri zangu kuhusu tumbo lako zimekwisha.

Huko chuoni utakutana na wenzako wa kila umbo. Kutakuwa na mwenye kula chipsi usiku na mchana na haongezeki, nawe utakula mboga na kukimbia na kubaki ulivyo. Itakuuma, usinidanganye. Itakapokuuma, nipigie, tuseme vibaya habari zake kidogo, kisha tuendelee. Siku utakapojiona unapungua tu bila sababu na watu wanakusifu, usifurahi kama mimi, nenda kapime. Siku utakapojiona unaongezeka na huelewi, nenda vilevile, ukaulize kama mtu anayeuliza, usiende kama mtuhumiwa. Na ukialikwa kwa watu, ukashiba, sema nimeshiba. Mtu akikasirika mwambie mama yangu wa Pemba kaniruhusu, na kama ana maneno namba yangu ya simu unayo.

Nasikia sauti ya Bi Chumu hapo nje, anakusindikiza, na bila shaka kakufungia kitu kwenye mfuko. Ngoja nimalize.

Kesho bandarini utanibusu mkono na kuniomba radhi, kama ulivyofunzwa na kama tulivyofunzwa sisi. Radhi zangu unazo zote, tangu siku niliyokuzaa, na zilizidi siku ile kwa daktari uliposema neno moja ukaacha mengine. Lakini ukishanibusu usiuondoe mkono wako. Bi Chumu atakuwepo, na wake wa ami zako watakuwepo, wale wale waliokuwepo barazani. Niliwaita mimi mwenyewe, nimewaambia waje wote wawahi. Nitaushika mkono wako mbele yao, huo uliouweka juu ya msahafu, nami nitaubusu. Nitawaambia mkate niliula mimi na mwanangu aliapa kweli. Nikishindwa kusema kwa kulia, wape barua hii waisome.

Kwetu mama hutoa radhi, haombi. Mimi naomba. Nisamehe, Raya.

Mama yako,
Riziki